AHADI YA KAMPENI NA DAFTARI LA DUKA

Hotuba ya karani wa mgodi mbele ya wenye maduka madogo, Butembo

Hapa chini tunachapa maneno ya ndugu yetu mmoja, karani wa mgodi upande wa magharibi wa Butembo, ambaye ana pia duka dogo mjini. Aliyasema siku ya Jumapili, baada ya misa, mbele ya wenye maduka na mama wa soko wa Butembo, pamoja na wenzao waliotoka Beni. Wengi wametuomba tuyatoe yote, nasi tumefanya hivyo. — Mhariri.

Wazee wetu, mama zetu wa soko, ndugu zangu wenye maduka, na ninyi vijana wa moto na wa chukudu,

Mmeniomba niseme juu ya kura na biashara. Mimi si mtu wa siasa. Kazi yangu ni kuandika: kwa mgodi naandika uzito, siku na majina, jioni nikirudi mjini naandika tena kwa duka la mama watoto wangu. Mapadri walionifundisha sekondari walinipa mambo mawili, hesabu na mwandiko mzuri, na kwa hayo mawili ninakula. Basi leo nitasema kama karani, si kama msemaji wa mkutano.

Wazee walisema, ahadi ni deni. Neno hili tunalirudia kila siku, lakini sisi wenye duka hatulitendi. Mtu akija kwako kukopa kilo mbili za mchele, unafanya nini? Unafungua daftari. Unaandika jina lake, unaandika kiasi, unaandika siku atakayolipa, na kama humjui sana unamwita jirani awe shahidi. Mchele wa kilo mbili tu! Lakini mtu akija na gari yenye vipaza sauti, akasema, “Nitawaletea barabara, umeme, maji na usalama,” tunapiga makofi na kuimba. Hatuandiki jina, wala kiasi, wala siku. Halafu baada ya miaka 5 tunalia kwamba hatukulipwa. Ndugu zangu, karani gani atakubali deni la namna hiyo?

Tufungue kwanza kurasa za zamani. Mwaka 1973, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa ya wananchi. Ilikuwa ahadi tamu. Raia walidhani mchuuzi mdogo sasa ataketi mahali pa tajiri Mgiriki. Lakini sehemu kubwa ya mali ile iliwaangukia wakubwa na rafiki zao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakala fedha, wakafunga mlango. Mwisho wa mwaka 1979 serikali iliondoa noti za zaire 5 na 10, ikawapa watu siku chache tu za kuzibadili. Babu yangu aliuza kahawa yake yote mwaka ule, na fedha zake zilikuwa katika sanduku la mbao. Foleni ilikuwa ndefu, na siku zikaisha yeye akiwa bado katika foleni. Noti zile nimeziona kwa macho yangu, sisi wajukuu tulichezea nazo duka. Ndivyo nilivyoanza biashara, kwa noti zilizokufa.

Mwaka 2006 tulipiga kura, na watu wa mashariki walitoa kura nyingi sana. Tuliahidiwa “kazi tano kubwa”, na ndani yake zimo barabara, ajira, shule, maji na umeme. Nilikuwa bado kijana wa shule, lakini nakumbuka picha zile ukutani. Sasa mtu wa Butembo na ajiulize mwenyewe: kwa miaka mingi iliyofuata, mwanga wa duka lako ulitoka wapi? Ulitoka kwa jenereta, kwa mafuta yaliyopita Kasindi, na kwa paneli ya jua uliyoinunua wewe. Mji wenye watu wengi namna hii ulikua pasipo waya wa serikali. Hata kiwanja cha ndege cha Rughenda na matengenezo ya barabara, michango ya wachuuzi wetu imo ndani yake. Nasema hivi si kwa majivuno. Nataka mjue tu kwamba mtu anayekuja kutuahidi, mara nyingi anatuahidi kile tulichokwisha kujilipia.

Sasa nafika kwenye ukurasa unaouma. Mwaka 2018 tuliandikishwa, tukapewa karata za kura, tukasikiliza ahadi za wagombea wote. Tarehe 26 Desemba, zikibaki siku 4 tu, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura pamoja na nchi, watangoje hadi Machi 2019. Sababu tulizopewa ni ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Sikatai kwamba Ebola ilikuwako. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na zaidi ya watu 2,200 walikufa. Mimi mwenyewe niliweka ndoo ya maji na klori mbele ya duka. Lakini soko halikufungwa. Kanisa halikufungwa. Tuliokuwa tunagusana mikono kwa kupokeana fedha kila siku, tuliambiwa kwamba kugusa karatasi ya kura ndiyo hatari.

Ndugu zetu wa Beni, walioko hapa leo, walifanya jambo la heshima. Tarehe 30 Desemba walijipanga mstari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe, kura isiyohesabiwa na mtu, ili dunia ione kwamba wapo. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Sisi tulipiga kura ya wabunge tarehe 31 Machi 2019, wakati kiti kikubwa kilikwisha kupata mwenyewe. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa kama mteja aliyelipa, akafika dirishani, akaambiwa duka limefungwa, na fedha hairudishwi.

Baada ya hapo wengi walisema, “Kura ni bure, afadhali nibaki na biashara yangu.” Hata mimi nilisema hivyo, na fikira ile ilinitia katika kosa nitakalowaeleza sasa. Nisikilizeni vizuri, maana kosa hili ni langu.

Desemba 2023, kura ilipokaribia, alikuja dukani kijana wa kampeni wa mgombea mmoja. Jina la mgombea silitaji, wala chama chake. Alikuwa na orodha: sabuni, chumvi, sukari, vya kugawa katika mikutano. Jumla ilifika dola 610. Akatoa dola 200 mkononi, akasema, “Papa, mengine utuandikie, tutalipa baada ya ushindi.” Mama watoto akanivuta kando, akaniuliza, “Deni hili analiandika nani? Huyu kijana, au tajiri wake?” Nikamjibu, “Nyamaza, hii ni biashara.” Nikaandika dola 410, na mahali pa sahihi nikaandika jina la utani la kijana yule. Mimi, karani wa miaka mingi, ninayekataa gunia la mchanga wa mgodi kama halina alama!

Mambo matatu yalifuata. La kwanza mnalijua: simu haikupokelewa tena. La pili sikulitazamia. Sabuni ile iligawiwa katika mtaa wetu, kwa wateja wangu mwenyewe, na kwa majuma mawili mazima hakuna mtu aliyekuja kununua sabuni kwangu. Nilikuwa nimemkopesha mtu bidhaa zangu ili aniharibie soko langu! Mama watoto alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, kwa sababu fedha ya shule ya mtoto wetu wa kwanza ilikuwa ndani ya dola zile 410.

La tatu ndilo linalonifanya nisimame hapa. Jioni moja nilichukua kalamu nikafanya hesabu. Kipande cha sabuni kilikuwa franka 1,500. Mbunge anachaguliwa kwa miaka 5, yaani miezi 60. Gawanya 1,500 kwa 60: ni franka 25 kwa mwezi. Kwa franka 25 hupati hata kiberiti. Mtu aliyepokea sabuni akatoa kura yake, ameuza sauti yake kwa bei ndogo kuliko kiberiti kwa mwezi. Na muuzaji wa jumla wa biashara ile alikuwa ni mimi. Kwa hiyo nisiwalaumu walioipokea. Mwenye njaa anapokea. Ila mimi sikuwa na njaa siku ile. Nilikuwa na tamaa.

Sasa tutazame shida zetu za kila siku, maana ndizo ahadi zinapopaswa kugusa.

Shida ya kwanza ni barabara na usalama. Kutoka Kasindi mpaka Beni ni kilometa 80, na kutoka Beni mpaka Butembo ni 54. Njia hii ndiyo koo letu. Mchele, mafuta, nguo na mabati vinavyoshuka Mombasa na kupita Uganda vinaingilia hapo, na kahawa na kakao zetu zinatokea hapo. Juni 2021 marais wawili walikutana Mpondwe, mpakani, wakaanzisha mpango wa kutengeneza barabara hizi. Vema. Lakini tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa na ADF, na malori yamezoea kungojana na kupita kwa msafara wenye askari. Lori likingoja siku tatu, dereva anakula siku tatu, na kila chakula chake kinaingia katika bei ya mchele. Mama wa kijiji akiniuliza kwa nini bei imepanda, nimjibu nini? Nimwambie kwamba ndani ya kilo yako mna woga? Na Januari 2025, M23 walipoingia Goma, njia yetu ya kusini nayo ikawa ya hofu, na waliozoea kushusha viazi na maharagwe ya Lubero kule wakafikiri mara mbili.

Tarehe 6 Mei 2021 serikali ilianza hali ya dharura ya kijeshi katika Kivu Kaskazini na Ituri. Gavana akawa mwanajeshi, mameya wa Beni na Butembo wakawa maofisa wa polisi. Tuliambiwa siku 30. Siku 30 zikaongezwa 15, zikaongezwa 15 tena, na tena. Katika duka langu, mteja anayesema “niongezee siku 15” kila mara, namwandika kwa wino mwekundu.

Shida ya pili ni kodi. DGI, DGDA, OCC, DGRAD, DGR-NK: wachuuzi wetu wanajua majina haya kuliko majina ya watakatifu. Tangu mwaka 2012 iko TVA ya 16 kwa mia. Sisemi kodi ni dhambi. Serikali isiyo na kodi haina shule wala askari. Ninalolia ni kulipa pasipo kujua. Anakuja mtu na begi, anakutisha kwamba ataweka kufuli mlangoni, mnapatana nusu, anaondoka, na karatasi hakuachi. Mwezi ujao anakuja mwingine kwa jambo lile lile.

Shida ya tatu ni fedha yenyewe. Tunanunua kwa dola, tunauza kwa franka. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa kwenye franka 2,000 na kitu. Mwisho wa mwaka ule ilipita 2,600. Fanyeni hesabu pamoja nami. Umeweka bidhaa ya dola 100, yaani franka 200,000. Umeiuza polepole na faida ya 10 kwa mia, umepata 220,000. Unakwenda kununua tena dola ikiwa 2,600: unapata dola 84. Umefanya kazi, umepata faida, na duka limepungua! Na mwaka 2025 dola iliposhuka, wateja wakatukasirikia kwamba bei hazishuki, na sisi bidhaa tulikwisha kuzinunua ghali. Mgombea yupi alizungumza jambo hili? Katika mikutano yote niliyohudhuria mwaka 2023 sikusikia hata mmoja.

Haki inataka niandike pia waliolipa. Karani mwaminifu haandiki madeni tu, anaandika na malipo. Septemba 2019 serikali ilianza kuondoa malipo ya wazazi katika shule za msingi za serikali. Madarasa yamejaa mno, walimu wamelalamika mishahara, hayo yote ni kweli. Lakini mama wengi wa soko walipata nafuu, na baadhi ya fedha ile ilirudi katika maduka yetu. Ahadi ile ilikuwa na jina, kiasi na siku, ndiyo maana tuliweza kuidai. Hilo ni funzo kwetu.

Basi tufanye nini? Wako watakaosema tusipige kura tena. Nawajibu hapana. Mtu akishindwa kulipa deni, hufungi duka. Unakataa kumkopesha, unamkopesha mwingine kwa masharti. Ndugu wa Beni walipanga mstari bila kuhesabiwa. Sisi tukikataa kupanga mstari siku tutakapohesabiwa, tutakuwa tumewadharau.

Neno langu la kwanza ni hili: tujue nani anadaiwa nini. Mbunge wa Kinshasa hana katapila nyumbani kwake. Akisema atatengeneza barabara kwa mkono wake, anakudanganya. Kazi yake ni kupiga kura juu ya sheria na bajeti, na kumwuliza waziri mbele ya watu. Kwa hiyo tumwulize maswali yake. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema jimbo libaki na 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayotoka kwake. Mwombaji wa kura atuambie: utasema nini juu ya 40 hiyo, na lini? Hali kadhalika, mwaka 2023 madiwani wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba hatukuchagua mtu. Diwani ndiye angeulizwa juu ya mfereji na takataka za soko. Mwombaji atuambie: utadai kura yetu hiyo, au hutaidai?

La pili, tudai kitu kidogo kinachoonekana. Tukidai “maendeleo”, kila mtu atasema ndiyo. Tudai orodha moja ya kodi zote za duka dogo, kwa Kiswahili, imebandikwa ukutani mwa komini na sokoni, yenye kiasi na jina la ofisi inayopokea. Karatasi hiyo haigharimu kilometa ya lami. Atakayeshindwa kubandika karatasi, hatajenga barabara.

La tatu linatugusa sisi. Tusilipe pasipo risiti. Najua ni vigumu. Najua anayekataa peke yake atafungiwa mlango. Ndiyo maana nasema tukatae pamoja, mstari mzima wa maduka kwa siku moja, kwa adabu, bila mawe na bila matusi: “Bwana, tunalipa, tupe karatasi.” Na sisi wenyewe tusafishe mizani zetu. Mwenye kipimo kilichobonyezwa chini hana kinywa cha kumlaumu mbunge. Tena tusikopeshe kampeni. Anayetaka sabuni ya kugawa, alipe yote mkononi, na aende kuinunua kwa mwingine kama anaweza. Mimi nimeapa mbele ya mama watoto, naye ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku sasa.

La nne, kila mtaa uwe na daftari la ahadi. Likelemba zetu zinaandika michango bila kukosea franka moja. Zinaweza kuandika na hili. Mgombea akija, katibu aandike: jina, neno alilosema, siku aliyosema atatimiza, na mashahidi watatu. Mwishoni aombwe kutia sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa; hilo nalo ni jibu. Kila mwaka tarehe 30 Juni, siku ya Uhuru, daftari lisomwe mbele ya watu wote: hiki kimelipwa, hiki bado. Kwa hesabu ya Katiba, kura nyingine ni mwaka 2028. Ikifika, tusimame na daftari mkononi, si na mkono mtupu unaongoja sabuni.

Wazee wetu walioshangilia mwaka 1960 walidhani Uhuru ni kitu unachopewa mara moja, ukakiweka ndani. Sisi tumejifunza kwamba unafanana na duka. Lazima ufunguliwe kila asubuhi, ufagiliwe, uhesabiwe jioni. Ukiacha kuhesabu mwezi mmoja, mwingine atahesabu kwa ajili yako.

Ukurasa wa dola 410 bado uko katika daftari langu. Mama watoto alitaka niuchane, nikakataa. Umebaki pale na jina la utani la mtu nisiyemjua, ili kila nikiufungua nikumbuke siku nilipoacha kuwa karani. Mtoto wetu alirudi shuleni baada ya miezi mitatu, kwa fedha ya likelemba ya mama yake. Deni hilo la mama yake ninalilipa kidogo kidogo, na kila ninapolipa, yeye anaandika.

Nimemaliza.